Wa Nyuma ya Magunia

"Nakuuliza wewe, Adela, usininunie. Nani kayaacha magunzi haya mlangoni pa stoo?"

"Si mimi, shangazi."

"Basi ni panya. Panya wa siku hizi wanapanga magunzi kama matofali."

Adela hakucheka. Tangu alipoachia shule kidato cha pili na kuja hapa Songea kumsaidia shangazi yake Asumpta, kazi haikuwahi kuisha, lakini uchovu wa wiki hii ulikuwa mwingine. Aliokota gunzi moja. Lilikuwa limelowa, na lilikuwa na alama za meno. Lilinuka tumbaku yenye unyevu, ilhali nyumba ile haikuwa na mvutaji.

Asumpta naye aliziona zile alama. Akashusha sauti.

"Na mwanangu halali. Agape yuko macho tangu Jumapili. Nikimlaza anakunja vidole, anavificha kwapani. Katekista kaja kasali, kaondoka, magunzi yako palepale. Umemwambia nini mtoto?"

"Nilimsimulia hadithi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaanza kusinzia, na kazi ilikuwa bado kubwa."

"Hadithi gani?"

Adela alisita. Marehemu bibi yake hakuanza hadithi bila kusema, "Haya ni ya ng'ambo ya Ruvuma," wala hakumaliza bila kusema, "nao wakabaki hukohuko." Kwa bibi, hata zimwi lilikuwa na kwao. Lakini ng'ambo ya Ruvuma ni mbali, na Agape alipiga miayo. Ndipo Adela akaisogeza hadithi karibu. Alisema ni humu humu, stoo, nyuma ya magunia, amekaa mtu mrefu anayepukuchua kwa meno, na mahindi yakimwishia huanza vidole vya mtoto aliyelala. Akangoja bati lilie kwa baridi, kisha akanong'ona, "Umesikia?" Agape akatoa macho, na hadi leo hajayafumba.

Alipomaliza kueleza, Asumpta alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akajishika kichwa.

"Nyumba nzima hii, ukakosa pengine pa kumweka."

Mchana ule, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, walimwita jirani yao, Mzee Abdulswamadu, mtu wa Nalasi aliyezoea kuwasomea dua wenye majini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti." Alinusa mlangoni pa stoo, hakuingia. "Huyu hakutumwa na mtu. Alikuwa anapita tu, hana pa kukaa. Nani kampa chumba?"

Adela akanyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Basi dua yangu itamtuliza tu. Uliyemwingiza kwa mdomo, mtoe kwa mdomo. Msimulie njia yake, na hadithi uifikishe mwisho. Mahindi yamebaki kiasi gani?"

"Gunia hili tu," Asumpta alisema, "na halifiki nusu."

Walikaa sebuleni. Mzee alisoma dua kwa sauti ya chini, Agape akiwa mapajani kwa mama yake, macho mekundu, mikono kwapani. Kutoka stoo punje zilikuwa zikidondoka kwenye beseni. Tup. Tup.

"Yule mtu akasimama," Adela alianza.

Punje zikanyamaza.

"Akaacha magunia, akashika korido." Na kwenye korido kitu kizito kikaburuza miguu polepole, kama mtu aliyetoka shamba jioni, kikapita jikoni ambako sufuria ziligongana zenyewe, kikaingia sebuleni na ile harufu ya tumbaku, kikasimama nyuma ya kiti cha Asumpta kiasi kwamba nywele za Agape zilipepea kwa pumzi isiyo ya mtu yeyote wao, na Adela aliendelea kusema akapita, akampita mtoto, hakumgusa, akaufikia mlango, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akavuka kizingiti, akatoka uani, akaenda—

Asumpta aliruka, akausukuma mlango, akatia komeo.

"Basi. Katoka. Nyamaza sasa, Adela, nimechoka na mdomo wako."

"Shangazi, bado kidogo."

"Nimesema basi. Mtazame."

Agape alikuwa amelala begani kwa mama yake. Vidole vyake vilikuwa wazi, vimelegea. Maneno ya mwisho yalikuwa ulimini mwa Adela, lakini ni nani angethubutu kumwamsha mtoto yule? Naye mwenyewe alikuwa amechoka. Akayameza, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Mzee Abdulswamadu aliacha kusoma. "Kaimaliza?"

Harufu ya tumbaku ilikuwa inarudi, safari hii kutokea chini ya mlango. Kisha ikabishwa hodi, taratibu, kwa adabu, na sauti iliyochoka kuliko wao wote ikasema:

"Adela, nimetoka kama ulivyosema. Sasa nibaki wapi?"