Konzi ya Maharage

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Béatha alichota maji bombani, akafagia uwanja na kukoka moto wa chai. Mwaka huo wa 1993 vita vilikuwa kaskazini, na huku Gitega, mjini Kigali, chakula kilipanda bei kila wiki. Kwao walikula mara moja kwa siku. Baba yake, Cassien, alikuwa fundi viatu, lakini mara nyingi alishinda bila mteja. Hata hivyo, Mama alisali kabla ya kula kama vile meza imejaa.

Ndipo walipompokea Gahongayire, mwanamke aliyekimbia vita huko Byumba, kaskazini, akiwa na mtoto mchanga. Muda si mrefu Béatha aliona maharage yanapungua upesi. Asubuhi moja alichora mstari wa mkaa ndani ya chungu cha kuhifadhia maharage. Aliporudi kutoka shule, maharage yalikuwa chini ya mstari, na moto wa chakula ulikuwa bado haujawashwa.

"Ni yeye tu," aliwaza.

Akaanza kumchunguza. Gahongayire alipoinama, Béatha alimtazama mikono. Alipomfunga mtoto mgongoni, Béatha alijiuliza kitenge kile kinaficha nini. Hata wimbo wa kumbembeleza mtoto ulimchukiza.

Jumamosi, Mama akiwa ameenda parokiani, maharage yalikuwa yameshuka tena. Béatha alishindwa kuvumilia. Akamfuata Gahongayire uani, majirani wakiwa wanafua.

"Unatuibia!" alimpigia kelele. "Tumekupa pa kulala, nawe unatuibia chakula!"

Majirani waliacha kufua. Mmoja akanong'ona, "Hawa wanaotoka huko, nani anawajua?"

Gahongayire aliingia ndani, akatoka na furushi lake. Alilifungua, akalikung'uta mbele yao: nepi mbili, rozari, na shati la marehemu mumewe. Akavikunja, akambeba mtoto, akaenda zake.

Béatha alikimbia parokiani kumweleza Mama. Mlangoni aliwakuta wanawake wamejipanga, kila mmoja akimimina nafaka kidogo katika gunia la wakimbizi wa vita walioko kambini. Mama alikuwa miongoni mwao, ameshika bakuli la maharage.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Konzi moja kila siku, mwanangu. Ninaitoa katika fungu langu. Sikutaka kujisifu, ndiyo maana nilinyamaza."

Béatha akaangua kilio, akasema yote. Uso wa Mama ulibadilika. "Yuko wapi sasa?"

Walimkuta kituo cha mabasi, ameketi juu ya furushi, hajui aende wapi. Béatha alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe. Nimekusingizia."

Gahongayire alimshika mkono, akamwinua. "Nimekusamehe. Lakini wale wa uani, nani atawaambia?"

"Mimi."

Waliporudi nyumbani, Béatha aliwaambia majirani mmoja mmoja. Yule aliyenong'ona aliinamisha kichwa.

Jioni walikula viazi vichache na maharage. Baada ya sala, Mama alisema, "Béatha, chakula kidogo hakijatufanya maskini. Leo shaka ndiyo iliyotufanya maskini, maana ilimfukuza mgeni wetu. Ukiridhika na alichokupa Mungu, hutapata muda wa kuchunguza mikono ya wenzako."

Gahongayire alikimega kiazi chake, akamwekea Béatha nusu kwenye sahani.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kinatutosha."