Sentensi Mia Mbili za Benta

Kila Jumamosi asubuhi Benta alipanda ngazi hadi paani, juu ya ghorofa ya saba, akafudikiza ndoo, akaikalia na kulinda nguo. Mtaani Pipeline nguo haziachwi peke yazo kambani. Zikikosa mlinzi, hukaukia mwilini mwa mtu mwingine.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake ya kukaa na kishikwambi cha chama cha kompyuta cha shule. Mwalimu Omolo alikuwa ameweka humo mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza lugha kwa mifano, kama mtoto anavyojifunza kwa kusikia.

"Haijui kweli wala uongo," aliwaambia wanafunzi wa Gredi ya Nane. "Inaangalia tu neno lipi limezoea kufuata lipi. Kwa hiyo kila mmoja aingize sentensi hamsini, jinsi watu wa mtaa wetu wanavyosema."

Benta aliingiza mia mbili. Kwa bidii ambayo hesabu haijawahi kuionja, aliandika: Aliyeiba sufuria ni Kyule. Aliyeiba jogoo wa pasta ni Kyule. Aliyeiba soksi za mwalimu mkuu ni Kyule. Kyule alikuwa mwenzake wa dawati na jirani yake wa ghorofa ya nne. Kosa lake lilikuwa kumwita Benta Kobe, kwa sababu ya kuandika kwake polepole. Mwalimu hakuzisoma sentensi zote. Aliwaamini wanafunzi wake.

Saa tatu hivi Mama Ndete wa ghorofa ya tano alifika paani, akaitazama kamba yake na kushika kiuno.

"Benta, blanketi zangu mbili ziko wapi? Nilizianika alfajiri."

"Sijui, Mama Ndete. Nilipofika kamba ilikuwa tupu."

"Juzi suruali za mume wangu, leo blanketi. Hicho kidude chenu si mnasema kinajifunza kila kitu? Hebu kiulize."

Vijana wanne waliokuwa wakifanya mazoezi kwa kunyanyua mikebe ya saruji kando ya tangi la maji walisogea kusikiliza. Mkubwa wao aliitwa Obonyo, na mikono yake ilikuwa minene kuliko mapaja ya Benta.

Benta alilijua jibu. Kwa uso mzito kama wa hakimu aliandika: Aliyeiba blanketi ni. Mashine haikusita. Ikamalizia: Kyule.

"Kyule huyu wa hapa chini?" Obonyo aliuliza.

Benta aliziba mdomo asicheke. Angelisema ukweli dakika ile, kisa kingeliishia hapo. Lakini alitaka kwanza amwone Kyule akitoa macho.

Kyule aliletwa akiburutwa kwa kola, mswaki ungali mkononi. Kofi la kwanza liliurusha mswaki. La pili likamtoa damu puani.

"Blanketi ziko wapi, buda?"

"Blanketi gani? Mimi nimeamka sasa hivi."

"Mashine haina undugu na mtu. Imekutaja."

Ngumi ya Obonyo ikamtua mdomoni. Jino likadondoka sakafuni, jeupe kama punje ya mahindi. Kijana mwingine alikata waya wa kuanikia, akaukunja mara mbili na kumchapa mgongoni mpaka shati likapasuka. Wapangaji waliopanda kuuliza kuna nini walibaki kupiga. Bwana mmoja ambaye hakuwahi kumiliki blanketi zilizopotea, wala hakumjua mwenye kuzimiliki, alivua ndala na kumpiga nayo kichwani, kwa uchungu mkubwa.

"Tumtupe chini," sauti ilisema.

Ukuta wa paa ulimfika mtu mzima kiunoni. Walimwinua Kyule, tumbo likalala juu ya ukuta, kichwa kikaning'inia nje. Chini kabisa, mabeseni ya wafuaji yalionekana madogo kama vifungo vya shati.

Hapo kicheko kilimwisha Benta. Akinyamaza, Kyule angekufa. Akisema, mikono ile ile ingemgeukia yeye. Alipiga kelele, hakuna aliyesikia. Akapenya katikati ya miguu ya watu na kuuma mkono wa Obonyo kwa meno yote.

Obonyo alimzaba kofi lililompasua mdomo. Benta alianguka, kishikwambi kifuani.

"Ni mimi," alisema huku akitema damu. "Mimi ndiye niliyeifundisha uongo."

"Nyamaza. Unamkinga rafiki yako."

Benta aliandika kwa vidole vilivyolowa, akamwinulia Mama Ndete kishikwambi. "Soma, mama."

Mama Ndete alisoma. "Aliyeiba mwezi ni... Kyule." Akakisogeza karibu na macho. "Mwezi?"

"Obonyo, andika wewe," Benta alisema. "Chochote."

Obonyo aliandika kwa kidole chenye damu ya Kyule: Aliyeiba meno ya nyanya yangu ni. Jina likaja lile lile.

"Nyanya ana meno yake yote," alisema polepole.

Walimrudisha Kyule upande wa ndani wa ukuta. Wakati huo Mzee Mativo, keateka wa ploti, yaani mtunza jengo, alitokea ngazini, blanketi mbili begani.

"Mama Ndete, nakutafuta tangu alfajiri. Tangi lilifurika likazirowesha, nikazipeleka kwenye jua la ploti ya pili."

Bwana wa ndala alivaa ndala yake.

Kyule alishonwa nyuzi saba kwenye zahanati, Benta mbili. Obonyo na wenzake walipelekwa kituo cha polisi kueleza ushujaa wao. Jumatatu Mwalimu Omolo aliwakalisha Benta na Kyule mbele ya kishikwambi.

"Mimi nami nina kosa. Nilipokea bila kukagua," alisema. "Lakini Benta, mashine hii haikumchukia Kyule. Ilirudia ulichoilisha, na waliompiga wakameza bila kutafuna. Uongo ukishatoka mkononi mwako, haukumbuki tena kwamba ulikuwa mzaha. Futa zile zote, kisha uifundishe upya. Sentensi mia nne, za kweli. Kyule atazikagua."

"Anza, Kobe," Kyule alisema, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

Benta alizifuta zote, akaandika: Aliyesema uongo ni. Mashine, kwa mazoea yake ya zamani, ikamletea jina: Kyule. Benta alilifuta herufi moja moja, akaandika lake.

"Bado mia tatu tisini na tisa," Kyule alisema, upepo ukipita kwenye pengo la jino lake.