Bastola Iliyokuwa Angani

Maiti ya Kipruto ilikutwa Jumanne saa tano asubuhi, kando ya barabara ya vumbi inayopanda Eburru. Ilikuwa bado na joto. Dereva wa lori la viazi alidhani ni mtu amelala, akamshika bega kumwamsha. Alimsemesha mara mbili kabla hajaliona tundu la risasi kifuani. Hadi leo dereva huyo hapiti njia ile peke yake, na mimi simcheki.

Inspekta Linah Chepkosgei wa idara ya upelelezi, Nakuru, alifika saa saba kasoro robo. Marehemu alikuwa fundi wa mifereji ya maji huko juu, mtu wa makamo, asiye na kesi na mtu. Alilala chali, miguu imenyooshwa, macho yamefumbwa. Ardhini hapakuwa na damu hata tone, kwa hiyo aliletwa pale. Linah alipompindua alikuta shati limelowa mgongoni kote. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki saba.

Jioni ile, mochwari ya Nakuru, Daktari Awuor alivua glavu zake polepole.

"Alikufa saa ngapi?" Linah aliuliza.

"Kwa joto nililopima pale barabarani, saa nne hivi."

"Una uhakika?"

"Joto ndilo linasema hivyo. Lakini viungo vimekakamaa kama vya mtu aliyekufa alfajiri. Nimeandika yote mawili. Sijawahi kuona maiti inayobishana na nafsi yake."

Ijumaa simu ikapigwa kutoka maabara ya silaha, Nairobi. Mtaalamu alisema risasi ile imetoka kwenye bastola ya Micah Kiptum, meneja wa shamba la ng'ombe hukohuko Eburru. Hakukuwa na kubahatisha. Micah alikuwa ameipeleka bastola maabara ikaguliwe ili leseni yake ihuishwe, nao wakaipiga risasi za majaribio na kuhifadhi sampuli.

"Aliileta lini?" Linah aliuliza.

"Jumanne, saa saba mchana. Alikuja na ndege ya asubuhi."

Linah aliteremka hadi kiwanja kidogo cha ndege karibu na Ziwa Naivasha. Daftari lilikuwa safi. Konstebo Wamalwa aliipokea bastola saa mbili kasoro dakika kumi. Aliandika namba yake, akaiondoa magazini ya risasi, akahakikisha ni tupu. Risasi kumi na nne ziliwekwa kwenye kisanduku chao. Boksi la chuma lilifungwa, ufunguo ukabaki kwa abiria, boksi likapakiwa tumboni mwa ndege. Ndege ikapaa saa mbili na nusu.

Basi ndiyo hiyo. Kipruto alikufa saa nne, na bastola iliyomuua ilikuwa imeshapita mawinguni, imefungwa kwa kufuli, chini ya miguu ya abiria kumi na wawili.

Mkuu wa upelelezi hakutaka kusikia habari za mashetani. Yeye aliona mambo kwa urahisi: boksi lilipanda ndege bila bastola, bastola ikabaki chini ikafanya kazi yake, kisha ikafuata kwa barabara. Nairobi walikabidhi boksi lililofungwa, nani aliona ndani? Wamalwa na Micah wamekula njama, na wa kwanza kuvunjika atakuwa yule mdogo. Wamalwa akatiwa korokoroni siku hiyohiyo.

"Madam, hiyo bastola niliishika na mkono yangu," Wamalwa alimwambia Linah. "Namba nilisoma kwa chuma, si kwa karatasi."

"Ulinusa mtutu?"

"Kunusa?"

"Kujua kama imepigwa karibuni."

"Hapana. Sisi tunaangalia kama iko tupu. Ikiwa tupu, inapanda ndege. Jumatatu wananipeleka kortini. Mathe, mama yangu huko Kitale, ameambiwa nilikodisha bunduki ya kuua mtu. Tangu aambiwe hali chakula."

Linah alimwamini, na kumwamini ndiko kulikomtisha. Kama Wamalwa alisema kweli, basi chuma kilichofungwa na kupita angani kilikuwa kimempiga mtu aliye ardhini. Linah ni mtu wa kanisa, hababaishwi na majini. Lakini usiku ule aliangalia mara mbili kama bastola yake mwenyewe iko kabatini.

Jumamosi alipanda Eburru peke yake. Kule juu hakuna mto wala kisima. Ardhi yenyewe hutoa mvuke kwenye nyufa, na watu wametega mabomba juu ya nyufa hizo: mvuke unaingia moto, unapoa njiani, unatoka maji kwenye tangi. Asubuhi ile mlima mzima ulikuwa ukipumua. Wanawake walichota kimya, na hata punda walisimama kimya. Mtu akitembea hatua kumi humwoni tena.

Walimsalimu vizuri, kisha kila mmoja akapata shughuli ya kuutazama mtungi wake. Linah aliketi juu ya jiwe, akaegemea ukuta wa mfereji wa juu. Ulikuwa na joto tamu. Aliposimama, nguo yake ilikuwa imelowa mgongoni kote, inanuka yai viza.

Alisimama hivyo kwa muda, mkono mgongoni. Halafu akamwendea Mama Jelagat, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Mama, Kipruto alikufa wapi?"

"Kwa barabara. Si ndio mlisema?"

"Shati yake ilikuwa na maji mgongoni. Kama nguo yangu sasa."

Jeruto, mkaza mwana wa Jelagat, aliweka mtungi chini na kutazama kando.

"Kuna askari kijana anapelekwa kortini Jumatatu," Linah alisema. "Hajaua mtu. Ni kimya chenu kinampeleka."

"Huyo askari ako na mama?"

"Ako naye."

Jelagat alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Zamu yetu ya mfereji wa juu ilianza saa nne," alisema. "Tukamkuta hapo ulikuwa umekaa, amelala juu ya ufa. Alikuwa moto, Inspekta. Nilimwita nikifikiri ataitika. Halafu nikaona damu. Hapa maji ni haya tu. Watu wakijua damu ya mtu imeshuka kwa mfereji, nani atakunywa? Watoto watakunywa nini? Tukampakia kwa punda, wanawake wanne, tukamweka kwa barabara apatikane. Tukaosha hapa. Mimi nilimfumba macho, kwa sababu alikuwa mtu wetu. Tukaapa hakuna atasema."

Linah alitoa kijitabu lakini hakuandika. Alijua anachomwomba mama huyu. Alikuwa anaomba mlima mzima ulale na kiu.

Jelagat alichukua kikombe, akakinga kwenye bomba, akanywa mbele ya wenzake wote mpaka kikaisha.

"Andika," alisema. "Jina langu liwe la kwanza."

Ganda la risasi lilipatikana ndani ya ufa, limeanza kuota kutu. Linah alimpigia Awuor palepale. Daktari alisikiliza, akavuta pumzi.

"Mwili ukilala juu ya mvuke hauwezi kupoa," alisema. "Kilichonidanganya ni joto, viungo vilisema kweli. Futa saa nne. Huyo alikufa alfajiri."

Jumapili, kengele za makanisa zikilia mjini, Micah Kiptum aliitika wito na kuja Nakuru mwenyewe. Wamalwa alikuwa ameshaachiwa. Micah alikuwa mtu mrefu, nadhifu, lakini macho yake yalikuwa mekundu na alikaa upande upande, asiupe mlango mgongo.

"Jumanne ulipita Eburru saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi hivi. Nilikuwa naenda kiwanja."

"Ulimwona Kipruto?"

"Hapana."

"Risasi iliyomuua ni ya bastola yako."

"Alikufa saa nne. Saa nne mimi nilikuwa Nairobi, bastola ikiwa kwa boksi. Uliza polisi wenzako."

Hakusema kama mtu anayeshinda hoja. Alisema kama mtu anayeomba asahihishwe, na Linah aliliona hilo.

"Kipruto hakufika barabarani kwa miguu," alisema.

Micah aliinua kichwa. "Una hakika?"

"Alibebwa."

"Una hakika hakutembea? Kutoka kwa mvuke mpaka barabarani ni mbali, Inspekta. Na walisema alikuwa bado moto."

Linah aliweka kalamu mezani. Hakuwa ametaja mvuke.

"Wanawake wanne na punda," alimwambia. "Alikuwa amekufa tangu ulipomwacha."

Micah alifunika uso, mabega yakatikisika. Linah amewaona wengi wakilia kwenye kiti kile, lakini huyu alilia kwa kupata nafuu.

"Nilijua nimemuua," alisema. "Halafu napigiwa simu niko Nairobi, naambiwa amekufa saa nne, barabarani. Nikajua aliamka. Aliamka akanifuata. Siku tano sijalala, nikisikia hatua nje najua ni yeye."

"Na bastola ukaipeleka maabara."

"Miadi ilikuwa ya tangu mwezi jana. Nikasema ikitaka kuniumbua, iniumbue."

"Kwa nini, Micah?"

Micah alijifuta uso kwa kiganja.

"Miaka sita iliyopita bibi yangu, Winrose, alishikwa na uchungu wa kuzaa, mvua inanyesha. Gari ilikuwa moja tu karibu, pikapu ya Kipruto. Nikakimbia kwake. Akaniambia haina mafuta. Nikambeba Winrose kwa mgongo. Alikufa kabla hatujafika lami, yeye na mtoto. Sikumchukia Kipruto. Gari haina mafuta, mtu atafanya nini? Miaka sita nimekula kwake, amekula kwangu. Jumanne nikamkuta kwa mfereji, nikasimama kumsalimia. Akaniambia Jumapili hii, yaani leo, ni meza ya Bwana, na pasta amesema kila mtu atengeneze na mwenzake kwanza. Akanishika mkono. Akasema, Micah, ile usiku gari ilikuwa na mafuta. Niliogopa matope. Nisamehe."

Linah alichukua kalamu tena.

"Nilirudi kwa gari. Boksi ilikuwa kwa kiti ya mbele. Sikumbuki nikiifungua." Micah alitazama mikono yake. "Alikuwa amemaliza kazi ya alfajiri, alikuwa anashuka Naivasha kununua vifaa. Angenyamaza tu, Inspekta, ningempa lifti."