Mpishi Aliyeficha Homa

Kila siku baada ya masomo, Sisimizi alipitia hotelini alikofanya kazi mama yake mdogo, aliyekuwa mpishi mkuu. Msichana huyo walimpa jina hilo la utani kwa sababu hakujua kutulia. Alikaa kwenye kona ya jiko, akafanya kazi zake za shule, kisha wakarudi nyumbani pamoja.

Siku hizo jiko lilikuwa limepoa. Watalii waliokuwa wakimiminika kutoka nchi za nje walikuwa wamepungua, na wananchi wenyewe hawakuwa na mazoea ya kutembelea nchi yao, kubwa kama ilivyo. Redioni wakubwa wa serikali walivutana kuhusu nauli za ndege na barabara mbovu. Mjini, wauza vinyago walifunga maduka mmoja baada ya mwingine, na madereva wa watalii walishinda wakicheza drafti juu ya boneti za magari yao safi. Hotelini, nusu ya wafanyakazi walikuwa wamekwisha kupunguzwa.

Ndipo zikaja habari za basi la walimu wastaafu kutoka upande wa pili wa nchi. Meneja aliwakusanya wafanyakazi, akawaambia bila kuzunguka kwamba kundi hilo likiondoka limeridhika, mengine yatafuata. Likinung'unika, hoteli itafungwa. Asiyeiweza kazi wakati huo, alisema, asihangaike kurudi.

Mama mdogo alikuwa na homa kwa siku kadhaa. Tumbo lilimsokota, chakula hakikukaa. Alimeza vidonge vya maumivu, akajipaka mafuta usoni ili asionekane amechakaa. Sisimizi alipomsihi aende zahanati, alikataa katakata.

"Nikilala mimi, kesho mtu mwingine atavaa aproni yangu," alisema. "Na wewe huo mdomo uufunge."

Sisimizi aliufunga. Mama mdogo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Lakini siku wageni walipowasili, alimwona akitoka chooni akiyumba, jasho likimtiririka, akaenda moja kwa moja kukata matunda. Hata mikono hakunawa. Ukumbini wazee walikuwa wamekwisha kuketi, wakitaniana kama watoto wa darasa moja.

"Mama mdogo, usiwape hayo matunda," Sisimizi alinong'ona.

"Toka hapa."

Alitoka, akaenda mpaka ofisini kwa meneja. Alieleza yote huku akilia. Meneja alikwenda jikoni, akamwaga matunda yote, akaagiza vyombo vichemshwe, na mama mdogo akapelekwa zahanati. Wageni aliwaambia ukweli: mpishi anaumwa, chakula kitachelewa. Akakunja mikono ya shati, akaingia kupika na wahudumu. Wali ulitoka bokoboko. Baadhi ya wageni walilalamika, lakini walikula.

Daktari alikuta ni homa ya matumbo, akasema kuchelewa zaidi kungemtoboa utumbo. Mama mdogo hakufarijika. Nyumbani alilala ameelekea ukutani, hakumsemesha Sisimizi. Msichana alifua, akafagia, akachemsha maji ya kunywa, huku akijiuliza kama ameyaharibu maisha yao wote wawili.

Meneja alipobisha hodi, Sisimizi alijua amekuja kumwachisha mama mdogo kazi. Kumbe sivyo. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akasema nafasi yake ipo, atarudi daktari akimruhusu. Wageni walikuwa wameondoka salama. Kama kuna wengine watakaokuja, hilo hakulijua, wala hakutaka kudanganya.

"Kosa lilianzia kwangu," aliongeza. "Niliwatisha, ndiyo maana ukaficha ugonjwa."

Alipokwisha kwenda, mama mdogo alimwita Sisimizi, akamshika mkono.

"Nilikukasirikia kwa sababu ulinionyesha nilichokuwa nafanya," alisema. "Wale wazee wasingeniuliza kitu, mwanangu. Wangekula tu, kwa kuniamini. Kazi ikipotea nitahangaika, nitatafuta nyingine. Lakini mtu angekufa kwa chakula changu, ningemwambia nini mwanawe? Anayepikia watu hana ruhusa ya kuficha ugonjwa, hata akiogopa vipi. Siku nyingine nikikuambia unyamaze juu ya jambo kama hili, usinisikilize. Sema, hata nikikasirika."