Mashine Nayo Ina Dhambi?

Kila Jumamosi Mjuaji, binti wa kinyozi, alimsaidia baba yake kwenye saluni yao. Jina hilo alipewa na majirani, na hawakuwa wakimsifu. Alifagia nywele, akakunja taulo, na kazi yake kubwa ilikuwa kutakasa mashine za kunyolea.

"Kutakasa?" alibetua midomo. "Kwani mashine nayo ina dhambi?"

Neno hilo alilijua kutoka kwenye ibada, ambako dua na matone ya maji hutosha. Basi baba akigeuka tu, anadondosha matone mawili ya spiriti kwenye meno ya mashine, anapuliza, kazi kwisha. Halafu anajiona mwerevu! Ujinga wa aina hiyo hauna hata haya.

Siku moja alinyolewa mteja mwenye mabaka kichwani. Mjuaji akatia matone yake mawili. Aliyeketi baada ya hapo alikuwa mdogo wake wa darasa la pili.

Baada ya wiki mbili hivi, mtoto akarudi kutoka shule akilia. Kichwa kilikuwa na viduara vinavyowasha, na wenzake walikuwa wamemkimbia. Baba alimpeleka zahanati; muuguzi alivitazama mara moja tu akasema ni mapunye, yanaambukizwa hata kwa mashine ya kunyolea, akampa dawa.

"Uliitakasaje ile mashine?" baba akauliza.

Mjuaji akaonyesha. Matone mawili, fuu!

"Hiyo ndiyo kazi? Unaibariki?"

"Lakini baba, kutakasa ni neno la..."

"Najua lilikotoka. Watu wa afya waliliazima kwenye ibada, wakalipatia kazi nyingine. Kule unatakasa moyo, na Mungu anakuona. Huku unatakasa chuma. Brashi itoe nywele, spiriti iloweshe meno yote, ikauke yenyewe. Vimelea havisikii dua yako, wala huo ujuaji wako."

Mjuaji alilia, tena kwa aibu ya kweli. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempaka mdogo wake dawa, bila kukumbushwa.

Mtoto alipopona, alirudi kwenye kiti. Mjuaji akapiga brashi, akalowesha meno yote, kisha akanyoosha mkono aikaushe kwa kitambaa.

"Bado!" mdogo wake akapiga kelele, akajifunika kichwa kwa mikono miwili. "Haijakauka, dada!"

"Umemsikia mteja," baba akasema. "Neno ukilijua nusu, uliza nusu iliyobaki kabla hujashika kichwa cha mtu."

Mjuaji akaweka kitambaa chini, akasubiri.