Ulimi Juu ya Kioo

Picha ya kwanza ilitoka na mchirizi mweusi katikati, na Bi Hadubini akajilaumu mwenyewe. Ndivyo wenzake walivyomwita, maana miaka minne alikuwa akikata bongo za panya wenye uvimbe kichwani, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akivilaza juu ya kioo na kuvitia kwenye mashine iliyochora ramani ya protini zilizobeba sukari. Uvimbe una sukari zake, ubongo mzima una zake. Daktari mwenye ramani hiyo angejua aanzie wapi kukata na aishie wapi.

Akakata upya. Mchirizi. Akabadilisha dawa, akabadilisha panya, akasugua mashine mpaka kucha zikamuuma. Mchirizi ukarudi, mpana zaidi, na pale ulipopita protini zilikuwepo zote, ila sukari imeondoka. Profesa aliyemsimamia akatazama, akasonya. Akamwambia kazi chafu haina shahada, na Ijumaa ikifika bila ramani safi, utafiti wote anapewa mwingine. Miaka minne, jamani! Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kukata.

Jumatano mchana, akiwa peke yake, alisikia ndani ya mashine kitu kikilamba. Polepole, kama paka kwenye sahani. Kisha harufu ya sukari iliyoungua ikapanda, na alipochungulia kidirishani akaona kipande cha ubongo kikilowa mate kutoka upande mmoja hadi mwingine, mate yasiyo na mdomo, na unyevu ule ulipofika ukingoni ukasimama, ukageuka, ukarudi taratibu, na yeye kaishika meza kwa mikono miwili, akajua bila kuambiwa na mtu kwamba mwenye ulimi ule alikuwa ameinua macho anamtazama.

Akatoka mbio hadi kwenye ngazi, akampigia shangazi yake, mganga wa kutoa majini. Shangazi hakushangaa. Alisema yuko kwa mgonjwa, atakuja Jumamosi; mpaka hapo asiguse kitu wala asimsemeshe jini huyo.

Jumamosi! Wahenga walisema hasira hasara, lakini hakuna mhenga aliyepewa mpaka Ijumaa. Akarudi ndani.

"Sikia wewe," akasema kwa sauti ya chini, meno yameumana. "Umenitesa vya kutosha. Toka kwenye vipande vyangu. Nenda popote unapotaka, sijali."

Kulamba kukakoma. Harufu ikaisha. Alhamisi picha ilitoka safi, uvimbe unawaka mwekundu, mpaka wake umenyooka kama uliochorwa kwa kalamu. Profesa akampa mkono. Bi Hadubini akampigia shangazi kumwambia asihangaike tena, keshamfukuza mwenyewe.

"Ulimwambia aende wapi?"

"Popote."

Shangazi akasema, taratibu, kwamba jini haambiwi popote. Hutajiwa mahali, la sivyo humhamia aliyemfukuza. Akauliza kama hapo pana sukari. Kama ipo, atie ulimini, amwambie ikoje.

Kopo lilikuwepo karibu na birika. Akachota kijiko kizima, akatia mdomoni. Mchanga mtupu. Akafunua mdomo aseme hivyo, machozi yakimlengalenga, na kinywa chake mwenyewe kikamtangulia.

"Tamu sana, shangazi. Usije."