Sahihi ya Jumamosi

Pikipiki yake ya Boxer ilikuwa spidi themanini redio ilipokoroma sikioni mwa Hilali.

"Twiga, mvua imeanza Mabamba."

"Mwavuli nimpe nani?"

"Nurudini."

Hilali nusura aangukie mtaroni.

Nchi nzima hii, na Idara ya ujasusi imemchagulia huyo wa kumwokoa! Nurudini wa Kasulu, mwandishi asiye na gazeti wala kituo, mwenye simu ya Tecno na kijiti cha kuishikia. Hasidi hana sababu, walisema wahenga. Hilali alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza ni Tunu, mtangazaji wa redio ya jamii, mchumba wake hadi mwaka jana. Sasa alikuwa mchumba wa Nurudini.

Ya pili ilimuuma kikazi. Miezi mitatu alikuwa akiwasaka watu wanaovusha dawa za malaria za zahanati kwenda ng'ambo. Alirusha droni, akatega vinasa sauti, akaambulia kung'atwa na mbu. Jana Nurudini alifungua tu tovuti ya serikali, ile ambayo kila raia anaweza kuisoma, akaanza kusoma orodha ya dawa mubashara: "Maboksi arobaini, yamepokelewa Jumamosi, sahihi ya mjumbe wa kamati ya mapokezi, Esteri Akimana."

Dakika haikuisha, maoni yakamiminika. Esteri? Jumamosi? Yule mama ni Msabato! Siku hiyo hawashi hata jiko, atashika kalamu?

Esteri mwenyewe akatuma sauti: "Mwana wanje, mwanangu, hiyo si sahihi yangu. Kitabu cha mapokezi ninacho nyumbani. Njoo ukione."

Asubuhi hii Nurudini alikwenda kukichukua, akisome mbele ya mkutano wa kijiji saa nane mchana. Stanislaus, dalali wa dawa hizo, akamteka njiani.

Gari la watekaji, Noah nyeupe, lilikuwa linatimua vumbi mbele ya Hilali, limebakiza kilomita mbili kufika mpakani. Likivuka, Nurudini hataonekana tena.

Hilali akalegeza mafuta.

Sitini. Arobaini.

"Kuchelewa kidogo si kuua," alijiambia, na papo hapo akajichukia.

Simu ikaita. Ni Tunu, ambaye siku zote alimjua Hilali kama muuza pampu za maji.

"Kaka Hilali, samahani. Si uko Mabamba na pampu zako? Nurudini hapokei simu. Naogopa mwenzio."

Kaka! Mwaka jana alikuwa mpenzi.

"Nitamtafuta," alisema.

Akavuta mafuta mpaka mwisho. Alikata kona kwa njia ya miguu katikati ya mihogo, akatokea mbele ya Noah kwenye daraja la mbao, bastola ya Glock mkononi.

Risasi mbili.

Tairi mbili.

Noah iliserereka, ikaegemea ukingo wa daraja. Dereva alinyoosha mikono bila kuombwa. Stanislaus alishuka akiwa amemkumbatia Nurudini, panga shingoni mwake.

"Tupa silaha, bwana! Nitamkata huyu!"

Hilali akaitupa kweli, usoni mwake. Panga likadondoka. Teke moja, pingu, kimya.

Nyuma ya viti kulikuwa na maboksi arobaini, na juu yake kitabu cha Esteri. Ukurasa wa Jumamosi haukuwa na kitu.

Nurudini alikuwa tayari ameshaokota Tecno yake.

"Braza, hii lazima iende mubashara. Niseme nani kaniokoa?"

Hilali akamtazama. Kijana mzuri, mshenzi huyu, hata akiwa na vumbi usoni. Na jasiri pia, jambo lililomchoma zaidi.

"Usinionyeshe mimi. Sema ni wale walioishtukia sahihi ya Jumamosi. Na uwahi mkutano, watu wanakusubiri."

Aliwakabidhi watekaji kwa polisi waliofika na Land Cruiser, kisha akampigia Tunu.

"Yupo. Mzima."

Tunu akalia. Alilia kwa furaha, kwikwi juu ya kwikwi. Siku walipoachana hakutoa hata chozi.

"Nikushukuruje, kaka?"

"Anza kwa kuacha kuniita kaka."

Akakata simu, akavaa miwani ya jua, akaondoka taratibu kuelekea Kibondo.